Sola ya Mama Bango

Fundi wa serikali alikuwa keshaegemeza ngazi ukutani ndipo Mama Bango alipokumbuka kwamba rangi kule juu haijakauka.

"Mwanangu, hilo bati bovu," akasema. "Utaanguka bure."

"Usijali, mama. Ndiyo kazi yetu." Akapanda, penseli sikioni, faili kwapani.

Majirani walikuwa wamejaa uani. Wao ndio waliomleta, tena kwa mbwembwe: fundi amekuja kutazama mapaa yatakayofungwa sola, basi aanzie kwa mwenye nayo, aone mfano. Mbele yao wote alisimama wifi yake Mama Bango, mikono kiunoni, kama vile paa ni lake.

Jina la Mama Bango hakulitafuta. Alikuwa mshonaji tu, na cherehani yake dirishani. Miezi saba nyuma, gari la matangazo la serikali lilisimama sokoni likipiga kelele kwamba jua ni la bure na kila nyumba itapata umeme wake. Afisa mmoja mwenye kamera akamwona anavyocheka, akamkabidhi taa ya maonyesho, akampiga picha. "Wewe mama utafungiwa wa kwanza," akamwambia. Kisha akachukua taa yake akaenda zake.

Picha ikarudi, taa haikurudi. Ikarudi bango kubwa kuliko mlango, ikabandikwa sokoni na kwenye zahanati: yeye na meno yote nje, na chini maandishi, KWANGU GIZA LIMEKWISHA.

Watu wakaanza kumpongeza. Haki ya Mungu, siku ya kwanza alitaka kukanusha. Lakini muuza mkaa alikuwa keshamshika mkono, anamwambia ameutoa mtaa kimasomaso. Angesema nini? Akasema, "Inawaka vizuri tu, namshukuru Mungu." Na uongo wa kwanza ukishatoka, wa pili hauombi ruhusa.

Wiki iliyofuata mtu akauliza mbona paa halina kitu. Ndipo alipochukua kipande cha plaiwudi, akakipaka rangi nyeusi, akakichora vimistari vyeupe kwa rula yake ya kukatia vitambaa, akakipandisha alfajiri mwenyewe. Tangu hapo, jua likizama alifunga madirisha, akawasha kibatari, akakaa nacho kama mwizi. Wateja wakiuliza kwa nini hashoni jioni na umeme anao, alisema macho yamechoka.

Kilichomla zaidi ni huyo wifi, dada wa marehemu mumewe. Mwanamke mkaidi, serikali haiamini hata ikitangaza mvua inayonyesha. "Mimi nimejiandikisha kufungiwa sola kwa ajili yako tu," alimwambia siku ile, wino haujamtoka kwenye dole gumba. "Hao wengine ningewaambia wakome. Lakini wewe, wifi yangu, huwezi kunidanganya." Baada yake wakajiandikisha wengine, hadi nyumba ishirini na mbili.

Na jana ikatangazwa kwamba fundi anakuja. Mvua ya juzi ilikuwa imefuta mistari miwili. Kuushusha ubao asingeweza, mtaa mzima ungeona paa tupu. Kwa hiyo leo alfajiri akapanda na brashi, akairudia. Ili iweje? Hata yeye hajui. Mfa maji haachi kutapatapa.

Sasa fundi alikuwa amechuchumaa mbele ya ule ubao. Akaugusa. Akatazama kidole chake.

"Vipi huko, fundi?" wifi akapaza sauti. "Si umeona vitu hivyo?"

Fundi akaendelea kukitazama kidole. Mama Bango alihisi uso unamwaka, masikio yanamwaka, akatamani ardhi ipasuke. Basi, akaamua. Kama ni kuumbuka, bora aumbuke kwa mdomo wake. Akamshika wifi mkono. "Wifi, kuna jambo nataka nikwambie. Nilikosa..."

"Iko sawa!" fundi akasema, anateremka. Alikuwa anafuta kidole kwenye suruali. "Jamani, iko sawa kabisa. Na zenu zitakuwa hivi hivi." Akatia alama kwenye faili.

Watu wakapiga makofi. Wifi akamkumbatia Mama Bango hadi kilemba kikamvuka, kisha wakatawanyika wakicheka, kila mmoja akikimbilia kwake kufagia ua kabla fundi hajafika.

Mama Bango akamvuta fundi ndani. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mwanangu, umenisitiri. Mungu akulipe. Lakini siwezi tena. Leo hii namwendea wifi yangu, namwambia yote."

"Usimwambie mtu, mama." Fundi akarudishia mlango. Ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyeshindwa kumtazama machoni. "Ile mistari uliichora kwa kitu gani? Imenyooka sana."

"Rula," akajibu, hajaelewa. "Rula ya kushonea."

Fundi akafungua faili. Yalikuwa yale majina ishirini na mbili, la wifi juu kabisa.

"Vifaa havijafika, na wala havitafika," akasema, akitazama sakafu. "Lakini Ijumaa mgeni rasmi anapita barabarani kuangalia mapaa, na ofisini tumeletewa plaiwudi tu. Kwa siku unaweza kuchora ngapi?"