Onja Wewe Kwanza

Nyamu aliirudisha glasi ya bia katikati ya meza, akamnyooshea kidole mzee mwenye masharubu.

"Onja wewe kwanza."

Mzee hakuelewa maneno, lakini kidole alikielewa. Akapiga funda moja, akafuta povu, akampa Nyamu glasi kwa mikono miwili. Nyamu alingoja kidogo aone kama ataanguka. Hakuanguka. Ndipo naye akanywa.

Asubuhi hiyo mkewe Cicily alikuwa amempigia simu kutoka kijijini kwao Kanja. "Baba Karimi, huko si kwenu. Usiguse glasi ambayo anayekupa hajaionja. Watakuwekea mchele uamke bila hata viatu. Na ukiwa na shaka, muulize binti yako." Nyamu alimjibu kwamba yeye si mtoto. Lakini mchele aliujua. Jirani yake alitiliwa dawa hiyo ya usingizi kwenye bia huko Embu mjini, akaamkia mtaroni akiwa na soksi tu.

Na sasa alikuwa Bamberg, Ujerumani, kwenye ziara ya kutoka baa moja hadi nyingine. Aliyemwandikisha ni Karimi, bintiye, muuguzi katika mji huo. "Relax, Baba, ni tour tu," alimwambia. "Guide anawapeleka baa tatu, mnaonja bia za kwao. Nikitoka kazini nitawapata kwenye ile ya mwisho." Nyamu ni Mkristo, ila ni wa wale ambao glasi ya Jumamosi haiwazuii kuimba kwaya Jumapili. Akakubali.

Wenzake wa ziara ndio hakuwaelewa. Watalii gani hawapigi picha? Msichana aliyewaongoza, mwenye kibendera chekundu, hakueleza historia ya jumba hata moja. Bibi mmoja mwenye mkoba alimkagua Nyamu kuanzia kofia hadi viatu, kama anayechagua mbuzi sokoni. Halafu kulikuwa na kijana wa miwani ambaye hakuketi mpaka Nyamu aketi. Huyo ndiye aliyemtia hofu zaidi. Nyamu alikwenda msalani, akaitoa pochi mfukoni na kuificha ndani ya soksi.

Walipovuka daraja kwenda baa ya pili, kijana yule alimpa mkono amshikilie kwenye ngazi. Nyamu alilikumbatia koti lake na kupanda mwenyewe. Mwizi mzuri huwa na adabu, alijiambia.

Humo ndani, bibi alimletea bia nyeusi yenye harufu ya nyama iliyoning'inizwa juu ya meko. "Onja," Nyamu akasema. Bibi akaonja, akampa kwa mikono miwili. Kisha akamtuma msichana wa kibendera amuulize kwa Kiingereza: ana watoto wangapi, na ng'ombe je? Nyamu alijibu kwamba ng'ombe wote walikufa. Watu wanaouliza mali ya mtu wasiyemjua, alijua wanatafuta nini.

Hata hivyo, kilichomkaa moyoni si wezi. Karimi alikuwa amepata mchumba, Mjerumani, jina lake Matthias. Nyamu alikataa kumwona, akakataa hata picha yake, moyo usije ukalegea. Kwao Kanja, binti huulizwa na baba yake mbele ya watu kama pombe ya wakwe inywewe. Akisema inywewe, akaionja na kumpa baba yake, basi ameolewa, na hakuna wa kurudisha maneno nyuma. Siku hizi wengine hutumia soda, lakini swali ni lile lile. "Halitatoka kinywani mwangu," Nyamu alimwambia Karimi wakinywa chai ya asubuhi. Huyo ndiye binti yake wa pekee. Aliogopa kuwa na wajukuu wa kuwaona kwenye simu tu, wasiojua hata kumsalimu. Karimi hakubishana. Alimwongezea chai.

Baa ya tatu ilikuwa juu ya kilima, meza zake zikiwa nje chini ya miti, na jua lilikuwa bado linawaka. Karimi alikuwa amefika kabla yao. Hakuvaa sare ya kazi, alivaa gauni, na alisimama kumpokea baba yake mbele ya wote.

Mara mzee wa masharubu akaweka kikombe kikubwa mbele ya Nyamu, kimejaa hadi ukingoni. Hakuna mwingine aliyepewa. Mazungumzo yakakatika. Kila jicho likamtazama yeye. Hii sasa ndiyo yenye mchele.

Akamvuta Karimi kando na kunong'ona kwa Kiembu, ingawa wazee wa Kanja hunong'ona kama wanaoita ng'ombe.

"Karimi, pombe ya hawa watu, niinywe au niiache?"

Karimi alimtazama, machozi yakimlengalenga. Nyamu akawa na hakika kwamba hapo pana hatari. Lakini binti alikitwaa kikombe, akapiga funda, akampa baba yake kwa mikono miwili.

"Inywe, Baba."

Kama Karimi ameionja, basi ni salama. Nyamu akainywa hadi nusu. Ilikuwa tamu, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Karimi akazunguka meza, akaketi karibu na kijana wa miwani, akamshika mkono. Kisha akaiinua simu yake iliyokuwa imeegemezwa kwenye jagi, akaigeuza imwelekee Nyamu. Kwenye kioo kulikuwa na sebule yake mwenyewe ya Kanja, ndugu zake wote wamepangana kwenye viti na makoti yao ya kanisani. Mbele yao alikaa Cicily, amejifunga kitambaa cha sherehe.

"Sote tumesikia, Baba Karimi," alisema. "Umeuliza, amejibu. Sasa mpe Matthias mkono, na jamaa zake hao, huku chakula kinapoa."