Mwongozo Usioruka Kitu

"Nakiona kivuli chako chini ya mlango," mama mkwe alisema kutoka ndani. "Rudi nyuma."

Fundi alirudi nyuma. Alikuwa amefungiwa nje ya chumba chake mwenyewe cha kazi, na hapakuwa na wa kumlaumu, maana mpango ulikuwa wake.

Habari yenyewe ni hii. Fundi alikuwa mmoja wa watu wachache, ungeweza kuwakalisha wote sebule moja na viti vikabaki, wanaotumia mfumo endeshi uitwao Kobe. Kobe ni mwepesi, ni wa bure, na kumwingiza kwenye kompyuta ni shughuli ya kutoa jasho. Miongozo yake iliandikwa na watu waliokwisha kumjua, kwa ajili ya watu waliokwisha kumjua. Mmoja ulianza kwa kusema, "Sakinisha kama kawaida." Kawaida ipi, mwandishi hakusema.

Sasa ilikuwa imetoka kompyuta mpya, nyembamba, ambayo Kobe hakuelewana nayo hata kidogo. Fundi aliinunua, akapambana nayo mwaka mzima, akaipatia. Kila alichogundua, picha, majaribio na rasimu, alikihifadhi kwenye kompyuta yake ya kazi na hapo tu, kwa kuwa hapendi vitu kutapakaa. Kisha akaandika mwongozo.

Mwenyekiti wa kikundi chao, mtu ambaye Fundi hamjui sura ila kwa maandishi yake makali, alimpa sharti moja. Mwongozo utakubaliwa endapo mtu asiyejua chochote ataufuata mwanzo hadi mwisho, mwandishi asiwepo chumbani. Kura ilikuwa jioni hiyo. Jaribio likishindikana, mashine mpya ingefutwa kwenye orodha ya mashine zinazokubali Kobe, na mwaka wa Fundi ungekwenda na maji.

Asiyejua chochote alipatikana nyumbani humo humo. Mama mkwe alikuwa amekuja kuwaona wajukuu. Alikuwa mwalimu mstaafu, na sifa yake kubwa ilikuwa kusimamia mitihani. Kwake maelekezo hayaongezwi wala hayapunguzwi, na anayenong'ona anatolewa nje. Fundi alifurahi mpaka akasahau kula.

Naye alitaka haki itendeke. Mashine mpya aliifuta kila kitu, akaipangusa alama za vidole, akairudisha kwenye boksi lake kama ilivyotoka dukani. Akauchapa mwongozo, akaziacha karatasi mezani pamoja na flashi yenye Kobe, akamkaribisha mama mkwe. Mama mkwe akamtoa nje na kufunga mlango kwa ufunguo.

"Unaendeleaje, Mama?" Fundi aliuliza baada ya muda.

"Msimamizi haulizwi." Kisha akasikika akisoma. "Hapa inasema kila kitu kilichomo kitafutika kabisa, wala hakitarudi. Mwongozo unaniambia niandike KUBALI."

"Basi fuata mwongozo, Mama."

"Sikukuuliza. Nawaza kwa sauti." Vibonyezo vikalia mara tatu. "Herufi A siioni."

"Iko kushoto kabisa. Chini ya Q."

"Nimesema siioni, sijaomba msaada. Ulitakiwa uandike."

Kweli hakuandika. Fundi alichomoa kalamu sikioni, akajiandikia kiganjani: eleza A ilipo. Macho ya utu uzima hayo, aliwaza kwa huruma, na wengi wangekwama hapo hapo.

"Halafu ina joto, kama pasi," mama mkwe aliongeza.

Hilo lilimshangaza kidogo, kwa sababu mashine mpya haikuwahi kupata joto. Labda jua la dirishani. Akaandika kiganjani: funga pazia.

Ikaja sehemu iliyomkosesha usingizi kwa miezi. Kwenye mashine mpya, katikati ya kazi, skrini huzima ghafla na kipanya hugoma, na Fundi alikuwa ameandika kurasa tatu nzima za kumtuliza msomaji. Aliegemea ukuta akisubiri kelele. Haikuja.

"Mbona umeandika skrini itazima na nisiogope?" mama mkwe alilalamika. "Haijazima. Nimejiandaa kutoogopa bure."

Fundi alipiga ngumi hewani kwa furaha. Mwongozo wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba hata tatizo lenyewe limeona aibu kutokea.

Hatimaye ufunguo ukazunguka. Mama mkwe alisimama mlangoni, miwani mkononi, uso wa siku ya matokeo.

"Imekwisha. Nimekupa themanini kwa mia."

"Ishirini zimekwenda wapi, Mama?"

"Kuna jambo uliliruka mwanzoni. Lakini mtu mwenye akili hakwami kwa hilo."

Fundi hakungoja kulisikia. Alitoa simu na kumwandikia Mwenyekiti kwamba mtu asiyejua chochote amefaulu, bila msaada. Jibu lilikuja papo hapo, na kwa mara ya kwanza halikuwa na ukali: "Hongera sana. Tuma mwongozo na picha zote, watu wamekaa wanakusubiri."

Akaingia chumbani akipiga mluzi.

Mezani, skrini ilikuwa inang'aa na maneno mawili katikati: KARIBU, MGENI. Fundi alitazama kibodi iliyokuwa chini yake. Herufi A ilikuwa imelika, kwa kidole chake mwenyewe, kwa miaka yote ya kuandika. Pembeni, juu ya boksi lililofungwa vizuri, mama mkwe alikuwa ameweka kikombe chake cha chai.

"Mama," alisema taratibu, kwa heshima yote aliyobakiwa nayo, "na hii mashine iliyo ndani ya boksi?"

Mama mkwe alivaa miwani. Akazipitia karatasi moja moja, ya kwanza mpaka ya mwisho, kisha akamkabidhi zote.

"Nionyeshe," alisema, "ulipoandika nifungue boksi."