Nafasi ya Hema Moja

"Mna nafasi ya hema moja, watu wawili, Ijumaa mpaka Jumapili?"

Hiyo ilikuwa kambi ya tano Jaha kuipigia simu, na maishani mwake hajapata kulala ndani ya hema. Kazi yake ilikuwa kutandika vitanda katika hoteli ya Bofa. Simu ilikuwa ya mapokezi, na Jedida wa mapokezi alikuwa amempa ruhusa mpaka meneja aamke usingizi wake wa mchana.

"Tumejaa, dada," karani alijibu. "Likizo hii misitu yote ya Kwale imejaa. Milima yote ni mahema matupu."

Jedida aliinama kando yake, akanong'ona, "Mwambie utakuja na mkeka wako."

Jaha hakucheka. Ijumaa iliyopita mdogo wake, Harusi, alipanda pikapu ya mumewe kwenda kulala siku mbili katika misitu hiyo. Mahadhi alikuwa dereva wa watalii, mahema na sufuria anazo mwenyewe. Alikuja kwao na halua, akaomba radhi kwa yaliyopita, akasema anamchukua mkewe wakapatane mahali penye baridi. Warudi Jumapili. Leo ilikuwa Jumatano.

Kaka yao Mbaruk hakutaka kusikia. "Mke yuko na mumewe," alisema. "Utamtafuta mke wa mtu kama mbuzi aliyekata kamba?"

Basi Jaha alikwenda kwa Kabibi, mtalaka wa Mahadhi. Kabibi alimkaribisha chai, akaishika birika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulilala mapajani muda wote.

"Mimi pia alinipeleka huko wakati wa ndoa yetu," Kabibi alisema. "Na sisi pia tulikwenda kupatana. Msituni hakuna jirani wa kugonga mlango, mwanangu. Mtafute upesi."

Jana Jaha alipiga simu akiuliza jina la mdogo wake. Kila kambi ilimjibu kwamba habari za wageni hazitolewi. Usiku akawaza. Ukiuliza mtu, wanafunga mdomo. Ukiuliza nafasi, wanafungua daftari.

"Pole kwa kukusumbua, kaka," alimwambia karani sasa. "Ni shemeji yangu Mahadhi aliyetusifia kwenu. Alikuja Ijumaa iliyopita na pikapu ya kijani."

Karatasi zilisikika zikipinduliwa.

"Ndiyo. Watu wawili. Lakini walilala usiku mmoja tu. Jumamosi nilipofika kazini, walishaondoka. Afadhali, maana wa hema la jirani waliwalalamikia. Kelele."

"Kelele za nani?"

Karani alikohoa. "Za mama. Wakasema baadaye zilinyamaza."

Jaha aliweka simu chini. Jedida akamzungushia namba ya kambi ya sita yeye mwenyewe, ile iliyo mwisho wa barabara, juu kabisa mlimani.

"Dada yako ndiye yule mwembamba?" Jedida aliuliza huku wakisubiri. "Niliyemwona mwaka jana akiendesha hiyo pikapu hapa barabarani, mbuzi wote wanakimbilia vichakani?"

"Ndiye. Mahadhi alimfundisha enzi za uchumba."

Upande wa pili ukapokelewa. Mtu akasema yeye ni Laban, mlinzi na karani, yote mawili.

"Kaka Laban, mna nafasi ya hema moja, watu wawili?"

"Zipo mbili, mwisho kabisa wa kambi. Lakini ziko mbali na bomba, na upande huo kuna hema moja tu."

"La nani?"

"La..." Kidole chake kilikuwa kikishuka daftarini, ungekisikia. "Mahadhi. Pikapu ya kijani. Kuingia Jumamosi, kutoka Ijumaa."

Jaha alivuta pumzi. "Watu wangapi?"

"Mmoja."

Jaha alikaa sakafuni, waya wa simu umenyooka juu ya meza. "Mmoja," alirudia, na Jedida akaelewa. Alivuta kitabu cha simu, akaanza kutafuta ukurasa wa polisi. Machozi yalikuwa yanamtoka kabla ya mwenyewe aliyefikwa.

"Halo? Dada, bado upo?"

"Nipo." Jaha alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Kaka, nifanyie hisani moja. Huyo bwana, hapo ulipo unamwona? Anafanya nini?"

"Bwana gani?" Laban alisema. "Mahadhi ni jina lililo kwenye karatasi za gari. Aliyekuja nalo ni binti tu, peke yake. Mpole sana, kila akinipita ananiamkia shikamoo, na mimi umri wangu wa kaka yake. Ila ana jambo moja: tangu Jumapili anafua hema. Lile lile kila siku, analisugua, analianika, analifua tena. Na jana akaja kuniazima jembe. Nikampa, ila nikamwambia binti, huku watu wanakuja kupumzika, hakulimwi."

"Nimeupata," Jedida alisema, kidole juu ya namba ya polisi. "Kata hiyo, tupige."

Jaha alinyanyuka kutoka sakafuni. Alikifunga kitabu cha simu, akaegemeza kiwiko juu yake.

"Hizo nafasi mbili karibu naye, kaka Laban," alisema, "niandikie mimi zote, mtu mwingine asizipate. Na jembe lako usimdai mpaka nifike."