Ngiri na Maegesho ya Sokoni

Basi sikieni, maana haya yalitokea mchana kweupe! Mji wa wanyama ulikuwa umefurika, na Ngiri alipewa kazi ya kusimamia maegesho ya sokoni. Mwenye nyumba pale aliegesha bure, mgeni alilipa kila saa, na asiyelipa aliburutwa hadi ng'ambo ya mto.

Siku hiyo mkia ulimsimama kwa furaha. Konokono alikuwa katikati ya soko tangu alfajiri, na ada inapanda tu!

"Mama, lipa!"

"Nilipe nini, baba? Mimi niko kwangu."

"Kwako wapi? Lipa au nikuburute!"

Konokono akajivuta ndani ya gamba. Soko zima likakusanyika kutazama. Ngiri, ambaye alilelewa vizuri kwao, akagonga gamba kwa heshima.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

"Karibu, baba," Konokono akaitikia. "Au kwenu hodi hupigwa barabarani?"

Vigelegele vikalipuka! Mkia wa Ngiri ukashuka. Palepale akaandika kibali cha mkazi, akainama, akauliza kwa upole akipitishie mlango upi.