Kuku Watatu wa Jana

Waliruhusiwa dakika kumi, bila karatasi, na mazungumzo yawe ya nyumbani tu. Askari magereza aliketi kando yao, rungu magotini.

"Mke wangu, habari za kuku ndizo hizi," mshairi alisema kupitia wavu. "Kuku watatu wa jana, leo hawamo bandani."

Mkewe alirudia taratibu ili ashike. Hawakuwahi kufuga hata kifaranga. Alijua hao ni wafungwa waliouawa. Mashairi yote yaliyosomwa mitaani kwa siri yalitoka humu gerezani yakiwa kichwani mwa mke huyu.

"Nimewahesabu tena, majina yao moyoni."

Vidole vya askari vilianza kugonga rungu: mara nane, vikatua, mara nane tena. Mwanamke akaviona. Askari alikuwa akihesabu mizani ya shairi.

"Nimewahesabu tena," mke akarudia kwa haraka, "majina moyoni."

Vidole vikasimama. Askari akainuka, akachungulia nje, akaufunga mlango. Mshairi akafumba macho.

"Shemeji," askari akanong'ona, "mizani imepungua. Ni 'majina yao moyoni.' Rudia vizuri, zimebaki dakika mbili."