Kapu la Wodi Mbili

“Dada, leo orodha yako imetoka nyeupe pe,” nesi wa wodi ya watoto alisema kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyepunguziwa mzigo. “Hakuna hata mtoto mmoja mwenye mzio wa dawa. Tumeanza sindano mapema.”

Fundi wa data alikuwa akizungusha waya wa simu kidoleni. Akaacha. Watoto arobaini, asiwepo hata mmoja?

Kila asubuhi programu zake mbili zilichota orodha za mzio, moja ya watu wazima, nyingine ya watoto. Programu ya pili aliinakili kutoka ya kwanza, na jedwali la muda, linaloshika orodha kabla haijatumwa wodini, akaliacha na jina lile lile aliloliandika mwenyewe: kapu. Mwenzake alimwambia aache kila programu ilitungie jedwali lake jina jipya inapoanza. Akamjibu kwamba zinapishana nusu saa nzima, ya nini kujisumbua.

Leo mtandao ulikuwa ukisuasua, na programu ya watu wazima ikachelewa. Skrini ilionyesha zote mbili zimeanza dakika ile ile. Moja ilikuwa ikijaza kapu, nyingine ikilimwaga. Na zote zilikuwa na alama ya kijani: imekamilika.

Waya ulikuwa umemkaba kidole mpaka ncha yake ikapauka.

“Nesi, orodha hiyo imefutika, na kosa ni langu. Mmefika kitanda cha ngapi?”

Simu ya nesi iligonga sakafu, kisha vikasikika viatu vikikimbia.