Waya Haukufika

Apondi alikuwa anaanika shuka nyuma ya bafu za kambi ya mapumziko umeme ulipokatika. Akaziacha zianguke kwenye majani, akakimbia.

Ndani ya karavani yao, nyumba ndogo ya kukokotwa na gari, mashine ya oksijeni ilikuwa imenyamaza. Mume wake alikaa ukingoni mwa kitanda, mdomo wazi, kucha zimegeuka zambarau. Kila mwaka walikimbia baridi ya Johannesburg kuja huku pwani kwa ajili ya mapafu yake, pamoja na wastaafu wenzao. Mtungi wa oksijeni wa akiba ulibaki nyumbani. Ni Apondi mwenyewe aliyeushusha kutoka garini, apate nafasi ya viti vya kuotea jua.

"Jamani! Nani ana umeme?" alipiga kelele mlangoni.

"Mimi nina sola!" jirani yao Mtanzania akajibu, akija mbio na waya mkononi. Akauvuta mpaka ukakaza. Haukufika. "Tumpeleke kwangu, dada. Upesi!"

Wazee wanne waliovaa malapa wakamkalisha kwenye kimoja cha viti vile, wakambeba juujuu, wakihema. Apondi aliwatangulia, amekumbatia ile mashine nzito.

Akachomeka. Taa ya kijani ikawaka, mashine ikaanza kunguruma. Akampachika mpira puani, akakiinua kidevu chake kilichokuwa kimelalia kifua.

"Vuta, mzee wangu," alimwambia. "Hewa hii hapa. Vuta basi."